Inzi weupe kwenye kitalu nyumba: ni kazi ya nyigu

Kaka, umeuliza kama wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi watakumalizia inzi weupe kwenye nyanya zako: hapana. Chakula chao hasa ni vidukari, vikipungua nao wanaruka zao. Kwa inzi weupe wanaotumika ni nyigu wadogo mno wanaotaga mayai kwenye watoto wa inzi, hawang'ati mtu. Encarsia formosa ndiye maarufu, Uingereza wanamtumia tangu miaka ya 1920, ila kwa joto la Bagamoyo ningechukua Eretmocerus eremicus, anastahimili zaidi. Geuza jani utazame chini: watoto wa inzi walioshambuliwa na huyo Eretmocerus hugeuka rangi ya njano, na nyigu akishatoka huacha kitundu cha mviringo. Mimi nalima hukuhuku Pwani, hapo ndipo naangalia kwanza.

Shida kubwa ni dawa. Kama umepuliza sumu za jamii ya pairethroidi, mabaki yake huua nyigu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiwaachie sasa hivi. Na ukiagiza nje, kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) kwanza. Ukisubiri inzi wajae banda zima ndipo ulete nyigu, umechelewa.