Mwanangu, kuhusu neno "Allah" kule Malaysia

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini mwenzako wa kazini kutoka Sarawak, jimbo la Malaysia, Mkristo kabisa, anasali kwa "Allah", na kama ni kweli mahakama za kwao zimewakataza. Ukaongeza: si waseme tu "Tuhan", yaishe?

Mwombe akufungulie Mwanzo 2:4 katika Alkitab, Biblia yake ya Kimalei. Utakuta "TUHAN Allah". Kisha fungua ya kwetu mstari huohuo: "BWANA Mungu". Tuhan imekalia kiti cha BWANA, Allah kiti cha Mungu. Ng'oa Allah uweke Tuhan, mstari unasomeka "Bwana Bwana". Wala neno hilo hawakuliokota juzi: Injili ya Mathayo ya Kimalei aliyoitafsiri Mholanzi Ruyl, iliyochapwa 1629, tayari inalo.

Lakini na Waislamu wa huko uwasikilize. Kwenye rasi, yaani upande wa Malaysia ulioungana na bara la Asia, Kimalei ni lugha ya Waislamu. Kwa Mmalei wa kule, kitabu cha Kikristo chenye Allah kinanukia mtego wa kumvutia mwanawe. Katiba yenyewe, ibara ya 11(4), inaruhusu sheria za kuzuia dini nyingine zisihubiriwe kwa Waislamu. Ng'ambo ya bahari, katika majimbo ya Sabah na Sarawak kisiwani Borneo, Kimalei hichohicho ndicho lugha ya ibada kanisani. Kwa maoni yangu ugomvi huu ni wa nani mwenye lugha, kuliko wa Mungu ni nani. Wakristo Waarabu wanasema Allah siku zote.

Sasa hilo la "mahakama imekataza". Ukilisikia, uliza: kesi ipi? Watu huzichanganya mbili. Ya kwanza ni ya Herald, gazeti la Kikatoliki lililowekewa sharti kwenye kibali chake lisitumie neno Allah. Lilishinda Mahakama Kuu tarehe 31 Desemba 2009, na siku chache baadaye makanisa yakashambuliwa kwa moto. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikapindua, ikisema neno hilo si sehemu ya msingi ya imani ya Kikristo (majaji wakiwapimia waumini imani yao, jambo ambalo mimi halinikai). Juni 2014 Mahakama ya Shirikisho, iliyo ya juu kabisa, ikakataa kusikiliza rufaa, majaji 4 kwa 3. Ya pili ni ya Jill Ireland, mwanamke wa Sarawak aliyenyang'anywa CD 8 za dini uwanja wa ndege mwaka 2008. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Machi 2021 na kutamka kwamba agizo la serikali la 1986, lililopiga marufuku maneno Allah, Kaabah, Baitullah (nyumba ya Mungu) na solat (sala) katika machapisho ya Kikristo, halikuwa halali. Serikali ilifuta rufaa yake 2023.

Hata hivyo sheria za majimbo zimebaki. Ile ya Selangor, jimbo la kwenye rasi, ya 1988 ina orodha ndefu ya maneno, na ndani yake umo hata nabi na iman. Hebu fikiria padri wetu akihubiri bila "nabii" wala "imani".

Kwa hiyo mwenzako akisafiri na Alkitab, jimbo aendako lina uzito. Serikali kuu ilikubali mwaka 2011 kwamba Biblia za Sabah na Sarawak ziingie bila alama, na za rasi zigongwe msalaba na maneno ya kuonyesha ni chapisho la Kikristo. Januari 2014, maofisa wa dini wa Selangor walibeba Biblia 321 za Kimalei na Kiiban (lugha ya Sarawak) kutoka ofisi ya Chama cha Biblia, wakitumia sheria yao ya jimbo.

Baba yako