PHP ya zamani kwenye seva mpya: tuiweke wapi?

Swali: Assalaam aleikum, fundi. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Shimanzi, Mombasa. Mfumo wetu wa ankara uliandikwa 2014 kwa PHP 5.5 na MySQL, juu ya Ubuntu 14.04. Mashine hiyo siku hizi inajizima yenyewe mara mbili tatu kwa siku. Bosi amenunua seva mpya nami nimeweka Ubuntu 24.04, lakini nikiandika `apt install php5` naambiwa kifurushi hakipo. Nikaweka PHP iliyokuja na Ubuntu, mfumo ukagoma kwenye `mysql_connect`. Aliyeuandika hayuko nchini tena. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza iache hiyo seva mpya, urudi kwa ile mgonjwa. Leo hii, ingali inawaka, toa data yote:

`mysqldump -u root -p ankara > ankara.sql`

(Badala ya `ankara` weka jina la hifadhidata yenu.) Nakili faili hilo pamoja na folda nzima ya mfumo kwenye flashi, kisha weka nakala nyingine kwenye kompyuta tofauti. PHP tutaipata tu. Ankara za miaka kumi zikipotea na diski, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Sasa tuje kwenye kilichokukwamisha. Ubuntu 24.04 inakuja na PHP 8.3. Familia ya `mysql_connect`, `mysql_query` na ndugu zao iliondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, kwa hivyo mfumo wako haujaharibika, umekosa tu msamiati wake. Toleo la mwisho linaloujua msamiati huo ni 5.6, na kutoka 5.5 kwenda 5.6 mabadiliko ni machache. Lenga hilo.

Wengi huanza kwa kushusha msimbo wa PHP 5.6 na kuukompaili wenyewe. Utapoteza siku mbili. Msimbo ule uliandikwa kabla ya OpenSSL 1.1 (maktaba ya usimbaji ambayo PHP huitegemea) kutoka 2016, na OpenSSL ikabadilisha miundo yake ya ndani. Ubuntu 24.04 ina OpenSSL 3, kwa hivyo kazi itakatikia hapo hapo. Baadhi ya watu, wakishachoka, huongeza ghala la vifurushi la Ubuntu 14.04 kwenye mashine mpya, au hulazimisha maktaba kuukuu ziingie. Nakuomba usifanye hivyo. Nimewahi kuitwa kwenye afisi ambayo fundi alifanya hivyo, na hata amri ya `ls` ilikuwa haifanyi kazi. Tulifuta kila kitu tukaanza upya.

Ipo njia fupi inayoheshimika: Ondřej Surý, mmoja wa watengenezaji wa Debian, huandaa vifurushi vya matoleo mengi ya PHP kwa Ubuntu. Unaongeza `ppa:ondrej/php`, kisha unaweka `php5.6` na `php5.6-mysql`. Inafanya kazi, na kama mizigo imekwama bandarini leo kwa sababu ya ankara, itumie. Lakini mimi singeiacha PHP hiyo ikae wazi ndani ya seva pamoja na kila kitu kingine. Tangu tarehe 31 Desemba 2018 hairekebishwi tena tundu lolote la usalama. Ipe chumba chake, yaani kontena.

Weka Docker, programu ya kuendesha kontena, kwa `sudo apt install docker.io`, kisha andika faili liitwalo `Dockerfile`:

```
FROM php:5.6-apache
RUN docker-php-ext-install mysql mysqli
RUN echo "date.timezone=Africa/Nairobi" > /usr/local/etc/php/conf.d/saa.ini
```

Mstari wa tatu usiuruke. Kontena huhesabu saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Ankara mtakayoitoa saa saba usiku meli ikipakua Kilindini itaandikwa tarehe ya jana, na mteja atakuja kuwauliza.

Kama mfumo unachora picha au nembo utahitaji pia moduli ya GD, na hapo `apt-get update` itakuletea makosa ya 404. Kiolezo cha `php:5.6-apache` tulichokitaja kwenye mstari wa `FROM` kimejengwa juu ya Debian 9, ambayo vifurushi vyake vimehamishiwa `archive.debian.org`. Weka anwani hiyo badala ya ile ya zamani ndani ya `/etc/apt/sources.list` ya kontena, ondoa mistari ya `security` na `stretch-updates`, kisha endelea.

Jenga na uwashe:

```
docker build -t ankara-kale .
docker network create afisi
docker run -d --name ankara --network afisi --restart unless-stopped \
  -p 192.168.1.10:8080:80 -v /srv/ankara:/var/www/html ankara-kale
```

Hapo kwenye `192.168.1.10` weka anwani ya ndani ya seva yenu. Hapa ndipo wengi hujiumiza. Ukiandika `-p 8080:80` peke yake, Docker hufungua mlango huo kwa kila upande, na inaweka kanuni zake za mtandao bila kupitia `ufw`, ukuta wa kinga wa Ubuntu. Utadhani umefunga, kumbe uko wazi. Ankara zenu zina PIN za KRA na simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawawajibisha nyinyi. Anayetaka kuingia akiwa nje ya afisi apitie WireGuard, yaani VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa afisi. Nayo `--restart unless-stopped` ni kwa ajili ya stima: ikikatika na kurudi, mfumo unajiwasha bila wewe kuitwa kutoka nyumbani.

Hifadhidata nayo iweke kwenye kontena yake, katika mtandao huo huo wa `afisi`. Chagua MariaDB 10.11, ndugu wa MySQL, badala ya MySQL 8, kwa sababu MySQL 8 hutumia njia mpya ya kuthibitisha nenosiri ambayo PHP 5.6 haiijui. Iwashe na `--sql-mode=NO_ENGINE_SUBSTITUTION`. MySQL ya zamani ilikubali sehemu tupu mahali pa namba, lakini MariaDB ya sasa huikataa, na fomu zenu zitagoma kuhifadhi. Kisha ingiza `ankara.sql`, na kwenye faili la mipangilio ya mfumo badilisha `localhost` kuwa jina la kontena ya hifadhidata. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena yenyewe.

Mfumo ukishawaka, mwambie bosi waziwazi kwamba mmenunua muda tu. Hesabu kazi iliyobaki kwa amri hii:

`grep -rn "mysql_" /srv/ankara --include=*.php | wc -l`

Zikiwa mia mbili au tatu, mtu mmoja anaweza kuzigeuza ziwe `mysqli`, familia mpya inayofanya kazi ile ile, polepole bila kusimamisha afisi. Anza na faili la kuingilia, lile linalopokea jina na nenosiri. Lijaribu kwenye kontena ya pili yenye PHP 8.3 na nakala ya data, isiwe data yenyewe, kisha uende kwenye faili la ankara.