Ule mpira mwekundu wa porini, iko kikanda?

Swali: Jambo papa agronomo. Juzi kisha mvua ya kwanza nilipita porini upande wa Kipushi huku Katanga, nikaona mpira mwekundu umesimama pekee yake, jani hata moja hakuna. Mtoto akachimba, chini akakuta kitu kama kitunguu, sasa anasema ni kikanda, ile chakula ya viazi vya porini, tupike. Hii ni nini? Picha nimetuma.

Jibu: Mama, kwanza musipike!! Hiyo ni Scadoxus multiflorus, vitabu vya zamani vinaiita Haemanthus, jina walibadilisha 1976 kwa hiyo ukikuta yote mbili usichanganyikiwe.

Ule mpira si ua moja. Ni maua madogo mengi sana, inaweza kufika 200, yote yanatokea pahali pamoja juu ya kikonyo. Chomoa kamoja tu uangalie: vipande sita vyembamba, nyuzi sita ndefu nyekundu, kila uzi na kichwa cha njano chenye unga, na hizo nyuzi njo zinafanya ionekane kama brosi. Halafu inama uangalie chini ya mpira, kwenye picha yako naona vile vijani vilivyoufunika ulipokuwa mchanga vimekauka na kulala chini. Kuna ndugu yake, Scadoxus puniceus, yeye vinabaki vimesimama na vikubwa. Mimi naamini hiyo alama kuliko rangi, juu wekundu wanao wengi.

Sasa kikanda. Ile inatoka kwa orkide, jamii ingine ya maua, ukikata ndani iko ngumu, kitu kimoja tu kama kiazi kidogo. Hii yenu kata na kisu utaona ngozi juu ya ngozi kama kitunguu cha sokoni, na iko na sumu, kuna pahali watu waliitia kwenye mishale na kuvulia samaki, hata mbuzi akiila anaweza kufa. Mtoto anawe mikono na kisu pia mukioshe.

Majani yanakuja kisha maua, yakijikunja pamoja yanafanya kama shina lenye madoadoa ya zambarau. Kiangazi yote yanakufa juu, kitunguu kinalala kwa udongo mpaka mvua nyingine, njo maana kila mwaka utaikuta palepale. Inaota kwa miombo kavu na hata misitu ya milima, toka Senegal mpaka Afrika Kusini.

Kama hamujakikata, kirudishe kwa udongo chini ya kivuli, shingo ibaki sawa na udongo, mbuzi wasifike.