Mbegu chotara ya uwele: ihesabu inapochanua

Msimu ule mbegu yangu ilipendeza kiganjani. Punje zimelingana, hakuna mchanga wala makapi, na zilipopandwa ziliota karibu zote. Nikajisifu mapema. Uwele ulipochanua ndipo nikaona mambo: mimea mingine ilitoa masuke wiki nzima kabla ya wenzake, mingine ilirefuka kupita kiasi, na hapa na pale palikuwa na suke lisilo na chavua hata chembe. Ndege walianza na masuke ya mapema, wakalizoea shamba, wakakaa hadi mavuno.

Usafi wa punje ni jambo moja, usafi wa uzao ni jingine. Huu wa pili hauonekani dukani. Mbegu chotara huzalishwa kwa kupanda mistari ya mama asiyetoa chavua kando ya mistari ya baba. Tatizo ni kwamba suke la uwele hutanguliza stigma, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, na chavua yake hufuata siku kadhaa baadaye. Katikati ya hapo hupokea chochote kinacholetwa na upepo. Ndiyo maana India, ambako uwele chotara ulianza kutolewa kwa wakulima mwaka 1965, shamba la kuzalishia mbegu hiyo hutakiwa kuwa mita 200 kutoka uwele mwingine. Aidha, mimea inayotoa chavua ndani ya mistari ya mama lazima ing'olewe kabla haijaimwaga. Ikiachwa, mama huzaa watoto tasa, wasiotoa chavua, kama yeye, nao huingia kwenye mfuko wako.

Mimea tasa ikiwa michache, majirani huichavusha. Ikizidi, hasa mvua inaponyesha wakati wa maua, stigma hukaa wazi muda mrefu. Hapo fugwe, ugonjwa wa kuvu unaogeuza punje kuwa unga mweusi, hupata mlango, pamoja na ule ugonjwa unaolifanya suke lidondoshe utomvu kama asali. Kwa hiyo hasara haiishii kwenye mimea iliyopunjika punje.

Ushauri wangu: uwele ukichanua, chagua sehemu tano shambani, hesabu mimea 100 kila sehemu, na uandike isiyofanana na wenzake. Hesabu iliyo ndani ya mistari tu. Mimi nilimlaumu muuzaji kwanza, kisha nikagundua baadhi ya yale majitu marefu yaliota katikati ya mistari. Yalikuwa masalia ya punje zilizodondoka msimu uliotangulia. Aibu yangu.

Usirudishe mavuno ya chotara shambani kama mbegu. Nilijaribu mara moja: kizazi cha pili hutawanyika, kila mmea na tabia yake, na nguvu hupungua.

Na usitupe mfuko. Kilo moja ina punje kama 100,000. Wageni watano katika kila mia ni mimea 5,000. Ukienda kudai bila lebo yenye namba ya fungu na konzi ya mbegu uliyobakiza, utaambiwa ulichanganya mwenyewe. Mimi niliambiwa hivyo, na sikuwa na la kujibu.