Cheni ya mashine ya kumwaga samadi inakatika kila asubuhi: usikimbilie kununua mpya

Mkuu, umesema mashine uliinunua ikiwa imetumika, na cheni ya sakafuni, ile inayokokota samadi kwenda nyuma, inakatika ukianza kazi asubuhi, mchana haisumbui. Hapo kuna mzigo unalala ndani. Samadi ikilala inakauka na kushikana na sakafu pamoja na vile vyuma vya kukokotea, na trekta ikivuta, pete ya cheni iliyolika ndiyo inaachia. Ukifunga cheni mpya bila kubadili mtindo huo, nayo itakatika. Mwaga mzigo siku hiyohiyo. Ukilazimika kuulaza, kesho yake zima trekta, legeza samadi ya nyuma kwa uma, kisha washa tena, anza na rola zenye meno za nyuma zinazotawanya samadi. Cheni iingie baadaye, tena polepole.

Sasa pima mkazo. Chukua futi, pima kutoka ukingo wa nyuma wa sakafu hadi kwenye chuma kimoja cha kukokotea, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, huenda upande mmoja umekazwa zaidi. Chuma kinakwenda mshazari na cheni inapanda juu ya meno ya sproketi, lile gurudumu linaloivuta. Legeza pande zote, kaza kidogo kidogo hadi vilingane. Skrubu za kukazia zikifika mwisho, punguza pete idadi sawa kila upande. Na ukibadilisha cheni, badilisha zote mbili, ya kushoto na ya kulia, maana ya zamani imeshavutika na haitalingana na mpya. Usikaze kama waya wa fensi. Ukizidisha, unamaliza beringi na sproketi.

Halafu kagua ile bolti ya usalama kwenye shafti inayoendesha mashine. Imewekwa ikatike yenyewe jiwe likikwama. Mashine za mitumba mara nyingi unakuta mwenyewe wa kwanza alichoka kuibadilisha akaweka bolti ngumu, au akachomelea kabisa. Hapo kinachokatika ni cheni, shafti au gia boksi. Rudisha ya saizi na ugumu ule mashine inaotaka, na tembea na za akiba.

Samadi ya maboma yetu ina mawe, kamba za nailoni na vipande vya waya. Kamba hujiviringa mwishoni mwa rola, inakata sili, grisi inatoka, vumbi linaingia, beringi inakufa. Kila jioni zikate kwa kisu, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Hakuna mjadala hapo.

Krosi, yaani viungo vinavyopinda, za shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine) zipate grisi kila saa 8 za kazi, na bomba zake mbili zinazoingiliana ziteleze bila kukwama. Mwendo usizidi mizunguko 540 kwa dakika kama mashine ni ya 540, na ukikata kona kali, zima PTO kwanza. Oili ya gia boksi ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga, badilisha sili, jaza oili ya gia namba 90 hadi usawa wa nati ya kupimia.

Mwisho wa msimu osha, acha ikauke kabisa, chokonoa sakafu kwa bisibisi. Inapozama, hapo pameoza. Wengi wanapaka oili chafu kwenye cheni. Mimi siipendi, inashika mchanga na kudondokea shambani. Oili safi nyembamba inatosha.

Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, badilisha pamoja na cheni.