Nimekamatwa nikiendesha boti Texas, wanadai nimelewa. Je, askari walifuata sheria?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni Mtanzania, naishi karibu na Dallas na nina makaratasi ya ukaazi wa kudumu. Jumamosi iliyopita nilikuwa naendesha boti ya rafiki yangu Lake Lewisville, injini ya nguvu farasi 150. Kama saa kumi na moja jioni askari wa wanyamapori walitusimamisha, wakasema wanakagua majaketi okozi. Hatukuwa na kosa lolote. Walipoona makopo ya bia waliniuliza nimekunywa ngapi, nikajibu mbili. Wakanihamishia kwenye boti yao, wakanipeleka gatini, na hapohapo wakaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nina goti lililofanyiwa upasuaji. Nilikataa kutoa damu, wakaleta kibali cha hakimu, nikatolewa karibu saa tatu usiku. Haki zangu nilisomewa nikiwa jela tayari. Jamaa zangu wanasema kesi imeshakufa, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kunisimamisha na hawakunisomea haki mapema. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, kaka. Nitakujibu yote, ila kuna jambo moja halisubiri. Kwa kuwa ulikataa kutoa damu na injini ilikuwa ya nguvu farasi 50 au zaidi, leseni yako ya gari (ndiyo, ya gari) inaweza kufungiwa siku 180. Una siku 15 tangu ulipopokea ile notisi ya kufungiwa leseni kuiandikia Idara ya Usalama wa Umma ya Texas uombe usikilizwaji. Usipoomba, kifungo cha leseni kinaanza chenyewe siku ya 40. Wengi hudhani karatasi hiyo inahusu boti, wanaitupa kwenye droo. Mimi huomba usikilizwaji huo hata pale ninapoona leseni haitaokoka, kwa sababu wakili wako anaweza kumwita askari na kumhoji chini ya kiapo miezi kadhaa kabla ya kesi ya jinai. Atakachosema pale hawezi kukibadilisha baadaye kirahisi.

Sasa hoja za jamaa zako. Ya kusimamishwa ingekuwa na nguvu kama ungekuwa barabarani. Mwaka 1979, katika Delaware v. Prouse, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema polisi hawezi kusimamisha gari ovyo ili tu akague leseni. Lazima awe na sababu ya kushuku. Majini mambo ni tofauti. Kifungu cha 31.124 cha sheria ya hifadhi na wanyamapori ya Texas kinampa askari ruhusa ya kusimamisha na kupanda boti kukagua vifaa vya usalama, na mwaka 2000, katika Schenekl v. State, mahakama ya juu ya jinai ya Texas ilikubali kwamba hahitaji kushuku kosa lolote. Florida ndiyo iliyogeuza mkondo: tangu Julai 2025 askari wa huko hawaruhusiwi kusimamisha boti kwa ajili ya ukaguzi wa usalama peke yake. Lakini wewe ulikuwa Texas. Ukienda na hoja hiyo tupu, hakimu atakusikiliza kwa adabu kisha ataikataa.

Hata hivyo ruhusa hiyo ina mipaka. Ni ya kukagua majaketi, kizima moto, namba za usajili na vitu vya namna hiyo. Ukaguzi ukiisha, kukushikilia zaidi kunahitaji dalili za kosa. Rodriguez v. United States ya mwaka 2015, ingawa ilihusu gari, ilisema wazi kwamba polisi hawezi kurefusha ukaguzi bila sababu mpya. Na makopo ya bia si sababu nzito kivile. Texas hairuhusu kopo lililofunguliwa ndani ya gari, lakini kwenye boti si kosa, na hata nahodha kunywa siyo kosa mradi hajalewa. Kwa hiyo swali la kumuuliza askari ni hili: kabla ya kumtoa mteja wangu kwenye boti yake, uliona nini zaidi ya makopo? Macho mekundu? Baada ya kutwa nzima ya jua, upepo na maji usoni, nitajie mtu aliyeshuka ziwani na macho meupe.

Kutosomewa haki mapema hakuui kesi. Onyo la Miranda, lililotokana na kesi ya mwaka 1966, linalinda majibu yako pale unapohojiwa ukiwa chini ya ulinzi. Lisiposomwa, kinachoondolewa ni majibu hayo tu. "Mbili" uliyosema ukiwa bado usukani huenda ikabaki. Uliyosema baada ya kuvishwa jaketi, kuhamishiwa boti ya serikali na kupelekwa mbali na wenzako ni habari nyingine, maana hapo wakili anaweza kudai kwamba ulikuwa umeshakamatwa. Jinsi ulivyokuwa ukiongea, kama ulimi ulikuwa mzito, hakulindwi. Katika Pennsylvania v. Muniz ya mwaka 1990 askari alimuuliza mshukiwa tarehe aliyotimiza miaka sita. Yule bwana akashindwa kujibu. Mahakama ilisema namna alivyotamka maneno inaweza kutumika, lakini jibu la swali lile lisingeweza kutumika bila onyo.

Lililonisimamisha mimi kwenye barua yako ni neno "hapohapo". Mtu aliyekaa saa nyingi kwenye boti akishuka, masikio ya ndani yanayotunza mizani yake bado yanaendelea na mawimbi. Unasimama kwenye sakafu tulivu na mwili unayumba. Mafunzo ya askari wa majini wenyewe huelekeza kumwacha mtu nchi kavu kama dakika 15 kabla ya vipimo vya kusimama na kutembea. Ndiyo maana kuna vipimo vilivyotengenezwa kwa mtu aliyekaa: kugusa pua kwa kidole, kufuata kalamu kwa macho, na kile cha viganja, ambapo unaweka kiganja kimoja juu ya mapaja kikitazama juu, unakipiga kwa kiganja kingine, kisha kwa mgongo wa mkono, ukihesabu moja, mbili, moja, mbili, huku ukiongeza kasi. Je, ulifanyishwa hivyo ukiwa bado kwenye boti? Kama hapana, kwa nini waliviruka?

Halafu kuna gati lenyewe. Magati mengi ya maziwa ya Texas yanaelea. Mwongozo wa shirikisho wa vipimo hivi unataka sakafu kavu, ngumu, iliyo sawa na isiyoteleza. Kusimama mguu mmoja ni sekunde 30, mguu mwingine umeinuliwa inchi 6 hivi, ukihesabu kwa sauti. Mwongozo huohuo unakiri kwamba wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani wanaweza kushindwa wakiwa wazima kabisa. Je, ulimwambia askari kuhusu goti? Aliuliza? Ulikuwa na ndala au peku? Boti nyingine zilikuwa zinapita na kutikisa gati? Andika majibu leo, wakati kumbukumbu haijachuja, na omba daktari wako nakala ya taarifa ya upasuaji.

Damu walichukua kwa kibali, na hapo walifuata sheria: Missouri v. McNeely ya mwaka 2013 na Birchfield v. North Dakota ya mwaka 2016 ndizo zinazowabana wapate kibali mtu anapokataa. Lakini kibali kinasimama juu ya kiapo cha askari. Kisomwe mstari kwa mstari huku video ya kamera ya kifuani ikichezwa. Kama kiapo kinasema "alishindwa kusimama" na hakitaji gati linaloelea wala goti, hiyo ni hoja. Kama kuna uongo wa makusudi au wa kutojali ukweli, na bila uongo huo kiapo hakitoshi, Franks v. Delaware ya mwaka 1978 inaruhusu kibali kuvunjwa. Kifungu cha 38.23 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Texas nacho kinazuia ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria.

Saa nne kati ya kusimamishwa na sindano nazo ni mali yako. Kosa ni kuwa na kilevi cha gramu 0.08 kwa mililita 100 za damu, au kupoteza uwezo wa kawaida, wakati unaendesha. Damu ya saa tatu usiku haisemi yenyewe ulikuwaje saa kumi na moja. Mtaalamu wa serikali akitaka kurudi nyuma kwa hesabu atakutana na Mata v. State ya mwaka 2001: sampuli moja, muda mrefu, bila kujua uzito wako, ulikula nini wala ulikunywa saa ngapi, haitegemeki. Ndiyo maana nakusihi usimsimulie mtu mambo hayo kwa simu ya jela wala kwenye kundi la WhatsApp.

Nalisema hili kwa sababu nimeshaliona: usijaribu "kuongea na afande vizuri". Kitu kidogo, hata kwa utani, mbele ya kamera, ni jinai ya miaka 2 hadi 20 gerezani, wakati shtaka lako la sasa, kama ni la kwanza na la kawaida, mwisho wake ni siku 180.

Wakili wako aandike wiki hii barua ya kutaka video zote zihifadhiwe, na baadaye aombe jalada la mwendesha mashtaka chini ya Michael Morton Act, sheria ya Texas inayomlazimu mwendesha mashtaka kumwonyesha mshtakiwa ushahidi alionao. Wenzako wa kwenye boti wasifute picha za siku ile. Zenye saa zake zinaonyesha ulivyokuwa.

Mwisho, makaratasi yako. Tangu Septemba 2019 Texas inaweza kumpa mshtakiwa wa mara ya kwanza ambaye kilevi chake kiko chini ya 0.15 muda wa uangalizi bila kumtia hatiani. Utaambiwa ni zawadi. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, ukikiri kosa na kupewa masharti, hilo ni hatia tu. Shtaka moja la hivi kwa kawaida halimfukuzishi mkaazi wa kudumu, lakini ofisa wa uraia atalifungua. Tangu Padilla v. Kentucky ya mwaka 2010 wakili wa jinai anawajibika kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hujakiri, kwa hiyo mwambie mapema kwamba wewe si raia, na usisaini chochote mpaka akujibu kwa maandishi.