Maneno magumu ya Kiingereza: majibu kwa wasomaji

Nitumie orodha ya maneno 500 magumu na maana zake, niwavutie wageni. (Mwanachuo wa uongozaji watalii, Sakina, Arusha)

Situmi. Ombi hili halikauki, na jibu ni lilelile. Ukikariri neno la Kiingereza na neno moja la Kiswahili pembeni yake, utadhani unalijua. Nimemsikia kijana akimwambia mgeni kwamba faru weusi wa Ngorongoro ni "endemic". Alitaka kusema "endangered". La kwanza ni la kiumbe asiyepatikana kwingine kokote, kama lile ua dogo lenye umbo la mkonga, Impatiens kilimanjari, la mlima wetu Kilimanjaro. La pili ni la kiumbe aliye hatarini kutoweka. Mgeni atanyamaza kwa adabu, lakini utakachosema baada ya hapo atakitilia shaka. Anza na maneno ya kazi yako: wanyama, mimea, miamba. Kila neno litungie sentensi ambayo unaweza kuitamka kesho pale geti la Marangu. Na kumbuka Mjerumani na Mfaransa nao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Maneno mazito yatawapoteza.

"Discreet" na "discrete" ni neno moja? (Moshi)

Hapana. La kwanza ni mtu mwenye kutunza siri, la pili ni vitu vilivyotengana.

Nakariri usiku, asubuhi sina kitu. Nifanyeje? (Kidato cha Tano, Moshi)

Rudia. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya unachokariri hupotea ndani ya siku moja usipokirudia. Funika maana, jiulize kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Orodha pekee ninayoitetea ni ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000: mafungu 570 ya maneno (fungu ni neno pamoja na yanayotokana nalo) yanayojirudia katika vitabu vya masomo mbalimbali. Aliyachagua kwa sababu yanatumika sana, ugumu haukuwa kigezo.

Kwenye barua ya kuomba kazi niandike "utilise" au "use"? (Njiro)

"Use". Na kama umenakili barua ya mwenzako, iache. Mwajiri ameshaisoma mara nyingi.

Kuna kijitabu cha "maneno ya wasomi" kinauzwa stendi. Ninunue? (Moshi)

Mwambie muuzaji akutungie sentensi tatu kwa neno lolote la humo. Akishindwa, hela yako weka akiba ya kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye mifano.